Kinachokiponya Kisiwa cha Volkano

Mnamo Julai 1831, kisiwa kipya kilichomoza baharini kusini mwa Sicily. Kilikuwa rundo la majivu na changarawe nyeusi lenye kimo cha mita 60 hivi. Waingereza walipandisha bendera yao, Ufalme wa Sicilia Mbili ukasema ni mali yake na kukiita Ferdinandea, na Wafaransa nao wakakipa jina lao. Kabla ugomvi haujaisha, kisiwa chenyewe kilitoweka. Kufikia Januari 1832 mawimbi yalikuwa yamekimaliza, na mabaki yake leo yamelala mita chache tu chini ya maji.

Wengi hudhani kwamba moto ukiwa mkali, kisiwa kitadumu. Mara nyingi ukali huo ndio unaokiponza. Maji ya bahari yakiingia kwenye tundu la volkano na kukutana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka wenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, hugeuka mvuke ghafla. Mvuke huo huilipua magma na kuisaga iwe majivu na vipande vidogo vya kioo. Vipande hivyo hurundikana upesi, lakini havijashikana. Ni kama mchanga uliomwagwa kiwanjani ukisubiri saruji. Bahari haina kazi ngumu kuuzoa.

Kisiwa cha Surtsey, kusini mwa Iceland, kilianza vivyo hivyo. Kiliibuka Novemba 1963 kutoka kina cha mita 130 hivi, na kwa miezi kadhaa kilitema majivu. Hatimaye rundo likawa pana kiasi cha kuyazuia maji yasifike tunduni. Milipuko ikapungua, na Aprili 1964 lava ikaanza kutiririka. Ilipopoa ikawa jiwe gumu lililofunika majivu na kuyakinga dhidi ya mawimbi. Visiwa viwili vidogo vilivyozuka jirani, Syrtlingur na Jólnir, havikupata lava hiyo. Vyote viwili vilisombwa.

Iko kinga ya pili, nayo hufanya kazi ndani kwa ndani. Joto lililobaki chini ya Surtsey lilipasha maji yaliyopenya kwenye majivu. Maji hayo ya moto yaligeuza vipande vya kioo kuwa madini mapya yanayogandisha chembe pamoja. Katika miaka michache tu, sehemu ya majivu ilikuwa imekuwa mwamba wa tufu. Milipuko ilipokoma Juni 1967, kisiwa kilikuwa na eneo la kilomita za mraba 2.7. Tangu hapo bahari imekula zaidi ya nusu, hasa kingo za lava, lakini kiini cha tufu kinasimama imara.

Hata hivyo, hakuna kinga ya milele. Huko Tonga, kisiwa cha majivu kilichozuka kati ya Desemba 2014 na Januari 2015 kilidumu miaka saba, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Hakikumalizwa na mawimbi. Volkano ileile iliyokizaa, Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, ilikivunja Januari 2022.

Kwa hiyo siku ukisikia kisiwa kimezuka mahali, kimo chake kisikuhadae. Uliza kwanza kama maji bado yanafika tunduni. Kisha uliza kama lava imeanza kutiririka.