Kifafa mjini Kampala: Kwa nini dawa ya kaka huenda isimfae dada

Katika karakana za Katwe, kusini mwa katikati ya jiji la Kampala, mafundi huchomelea mageti na kuunda majiko ya mkaa tangu asubuhi hadi jioni. Hatua chache nyuma ya karakana hizo, wanawake hupika juu ya majiko hayo hayo. Kwa mtu mwenye kifafa, pande zote mbili zina hatari yake: fundi akianguka huangukia mashine, na mpishi huangukia chungu kinachochemka. Hospitali ya rufaa ya Kiruddu, yenye kitengo cha majeraha ya moto, imo katika tarafa hiyo hiyo ya Makindye.

Lakini tofauti baina ya wagonjwa wanaume na wanawake haiishii mahali wanapoangukia. Ipo katika chanzo cha ugonjwa, ipo katika homoni, na zaidi ya yote ipo katika dawa.

Kifafa, ambacho Waganda hukiita ensimbu, hutokea pale seli za ubongo zinapotoa umeme kwa wingi na bila mpangilio. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na ugonjwa huo, karibu wanane katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangepata matibabu yanayofaa. Hakiambukizwi. Povu la mgonjwa halina madhara yoyote kwa anayemsaidia, ingawa nchini Uganda wengi bado huamini kinyume chake.

Kwa jumla, wanaume wanaopata kifafa ni wengi kidogo kuliko wanawake. Sababu mojawapo ni majeraha ya kichwa, na yeyote anayezijua barabara za Kampala hatashangaa: dereva wa boda boda asiyevaa kofia ngumu anaweza kupona jeraha lake, kisha akaanza kuanguka miezi au hata miaka baadaye. Pombe nayo huchangia, hasa mnywaji wa muda mrefu anapoiacha ghafla. Malaria kali ya utotoni, matatizo wakati wa kuzaliwa na mabuu ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni hayabagui jinsia.

Kwa wanawake, mwili wenyewe una kalenda yake. Homoni ya estrojeni huelekea kuuchochea ubongo, na projesteroni huelekea kuutuliza. Siku chache kabla ya hedhi, projesteroni hushuka, na kwa baadhi ya wanawake kifafa huzidi siku hizo hizo kila mwezi. Daftari dogo la kuandikia tarehe za hedhi na tarehe za kuanguka humwonyesha daktari jambo ambalo mashine ya gharama kubwa huenda isilionyeshe.

Dawa zinazopatikana kwa bei nafuu zaidi ni fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini. Zote tatu huliamsha ini livunjevunje kemikali nyingine kwa kasi. Kwa mwanamume, matokeo yake yanaweza kuwa kupungua kwa homoni ya testosteroni inayofanya kazi mwilini, na pamoja nayo hamu ya tendo la ndoa. Ni wachache wanaolitamka hilo mbele ya muuguzi. Kuacha vidonge kimyakimya huonekana rahisi zaidi.

Kwa mwanamke, ini hilo hilo huvunja homoni za kupanga uzazi. Vidonge hupungua nguvu, na vivyo hivyo vipandikizi, yaani vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kampala yenyewe ilitoa ushahidi wa jambo hilo, ingawa kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake 20 wenye kipandikizi waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya virusi vya Ukimwi inayoliamsha ini kwa namna hiyo. Watatu kati yao walipata mimba ndani ya wiki 48. Kitanzi cha shaba hakiguswi na dawa hizo, kwa kuwa hakitumii homoni.

Valproeti, ambayo huuzwa pia kwa jina la Epilim, ndiyo inayowatenganisha zaidi kaka na dada. Ni dawa yenye nguvu, na kwa wanaume wengi huzuia kifafa vizuri. Ikitumiwa wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa na kasoro za mwili, na watatu hadi wanne katika kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mwaka 2023, WHO ilielekeza kwamba wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe dawa hiyo. Lamotrijini na levetirasetamu ni salama zaidi kwao, lakini bei yake huzidi ile ya fenobabitoni.

Kwa hiyo kugawana vidonge nyumbani ni hatari ambayo familia nyingi hazijaielewa. Hatari nyingine ni ya mwanamke anayegundua kuwa ni mjamzito na kuacha dawa siku hiyo hiyo: kifafa cha mfululizo kinaweza kumuua yeye na mtoto. Wengi wa wanawake wenye kifafa huzaa watoto wenye afya, ilimradi dawa ibadilishwe mapema na kwa usimamizi wa daktari, na asidi ya foliki ianze kutumiwa kabla ya mimba.

Ndoa huongeza ugumu. Mwanamke aliyeolewa bila mume kujua ugonjwa wake humeza dawa kwa siri, na anayejificha hawezi kupanga mimba na daktari. Kwa wakimbizi wa Kongo wanaoishi Makindye na kuzungumza Kiswahili, kuna pia kizuizi cha lugha katika kliniki zinazotumia Kiganda na Kiingereza. Kwenda na pakiti ya dawa husaidia, kwani jina lililoandikwa juu yake husomeka bila mkalimani. Kisha yabaki maswali mawili ya kuuliza: je, dawa hii inapatana na njia yangu ya uzazi wa mpango, na je, nikitaka mtoto, ni miezi mingapi kabla nirudi kuibadilisha?