Umeacha chapati na maziwa? Haya, sasa tuangalie kikombe chako!

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuongelee tumbo.

Mdogo wangu wa kike alisumbuliwa muda mrefu na tumbo kujaa gesi, halafu vipele vinamtoka bila mpangilio. Kapima minyoo, hakuna. Taifodi, hakuna. Mwisho daktari akamwambia afanye mlo wa mchujo (hilo jina ni letu sisi nyumbani). Unaacha kabisa vyakula unavyovishuku, kwa kawaida wiki 2 mpaka 6, kisha unavirudisha kimoja kimoja huku ukiandika mwili unavyosema. Yeye akapewa orodha: maziwa, ngano, soya na karanga, marufuku.

Binti akajitahidi kweli. Chapati hagusi, maandazi hagusi, mchuzi wa karanga anaukimbia. Wiki ya tatu inaisha, vipele viko pale pale! Ndipo mama akamuuliza, "Mwanangu, asubuhi unakunywa nini?" Kumbe uji wa lishe. Unga wenyewe umechanganywa mahindi, ulezi, soya na karanga! Wiki tatu zikaenda na maji, akaanza upya.

Tatizo letu ni kwamba tukisikia "chakula" tunafikiria sahani tu.

Maji hayana neno. Chai ya rangi, ya tangawizi au ya mchaichai nayo kwa wengi haina shida, ila kama umeambiwa uache kafeini, basi majani ya chai, kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vyote vinaondoka. Kahawa za pakiti ndogo zilizochanganywa tayari ziogope. Geuza pakiti usome. Ukiona neno kaseinati, hiyo ni protini ya maziwa, hata kama mbele wameandika kwamba si maziwa.

Kwenye maziwa ndiko watu wanadanganyana sana. Utaambiwa kunywa mtindi, umeshachacha, hauna madhara. Ni kweli kuchacha kunapunguza laktosi, ile sukari ya maziwa, kwa hiyo anayesumbuliwa na laktosi peke yake anaweza kupata nafuu. Lakini protini imebaki, na mwenye aleji anaumizwa na protini. Maziwa ya mbuzi pia si mkombozi, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Juisi za mtaani tamu, nazipenda, ila muulize muuzaji. Ya parachichi mara nyingi inatiwa maziwa, na blenda ni ile ile kwa wateja wote, inasuuzwa haraka haraka tu. Wenye tumbo la gesi wanaofuata mlo ule uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wajue pia kwamba embe na tikiti maji vina fruktosi nyingi, kwa hiyo glasi kubwa ya juisi yake inaweza kuvuruga kila kitu. Soda na juisi za rangi kali, soma kama kuna E102, ni rangi ya njano ambayo baadhi ya watu inawaletea vipele.

Togwa ya ulezi au mtama haina ngano, ila uliza unga umesagwa wapi, maana mashine moja husaga kila kitu. Vinywaji vya kimea, hata visivyo na kilevi, vina shayiri, na shayiri ina gluteni kama ngano. Bia hivyo hivyo. Kwa wiki hizo chache pumzika tu, kijiwe hakitahama!

Wakati wa kurudisha, kitu kimoja tu, kidogo kidogo, subiri siku kama 3 ndipo uende kingine. Ukirudisha maziwa kwa chai na andazi, utajuaje kosa ni la nani? Na kama uliwahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula kitu, usijaribu nyumbani, hiyo ni kazi ya hospitali. Watoto na wajawazito nao wasijiamulie wenyewe.

Mdogo wangu? Maziwa yalirudi salama, ngano salama, karanga salama. Soya, siku ya pili tu vipele hivyo! Siku hizi ananunua ulezi mtupu, anauosha na kuusaga mwenyewe, na chai yake ya maziwa kairudia kwa fujo.

Mwenye uzoefu na maziwa ya nazi kwenye chai atumegee hapo chini, maana ya kwetu iligoma kunyweka.