Fahamu: Kwa nini maboma hukaa miaka bila paa

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Babati, apitapo Kolo, kijiji cha Kondoa mashuhuri kwa michoro ya miambani iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupita juu ya lami iliyozinduliwa mwaka 2018, nayo lami hiyo, kwa kurahisisha uchukuzi wa saruji na mabati, imebadili hesabu ya kila ajengaye upande huo.

Walakini wepesi wa njia haujaondoa kasoro kongwe ya nchi yetu: maboma ya madarasa na zahanati, yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, kisha yakaachwa yangoje serikali iyaezeke. Sababu, kwa rai yangu, si ufukara peke yake. Ni kwamba makadirio huhesabu matofali yaonekanayo, yakasahau maji, ambayo katika nyanda hizi kame huwa adimu wakati wa kiangazi, ndio wakati wa kujenga, na kusahau mbao, milango, nyaya na plasta, ambavyo jumla yake aghalabu hushinda gharama ya kuta. Mkadiriaji majenzi mwenye uzoefu hutenga pia akiba ya dharura, kwa kawaida baina ya asilimia 5 na 10, maana fedha za serikali, ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai mosi, zikichelewa, bei hazisubiri, wala mvua za Desemba.

Hata Dodoma yenyewe haikusalimika: TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu, kazi ilikadiriwa kuchukua miaka 10, mamlaka iliyoundwa kuustawisha mji huo ilivunjwa mwaka 2017, wakati wizara ndiyo kwanza zilikuwa zinahama.