Je, Wajua? Miaka Mingapi Kumpata Daktari wa Familia?

Je, wajua kwamba mtoto wa Isebania, Kuria Magharibi, akitaka kuwa daktari wa familia, ana miaka 11 ya kujipanga nayo? Sita ya shahada ya udaktari, mmoja wa uanagenzi hospitalini, minne ya uzamili. Hapo hatujahesabu muda wa kungojea ajira.

Wajua pia kwamba huu ni ubingwa kamili, sawa na upasuaji au magonjwa ya watoto? Tazama benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote ya Kuria Magharibi. Nyanya ana kisukari na kidonda mguuni kisichopona. Binti yake ni mjamzito na presha imepanda. Mjukuu anachemka kwa homa. Kwa utaratibu uliozoeleka hizo ni foleni tatu, pengine siku tatu za nauli ya bodaboda. Daktari wa familia huwaona wote, tena akijua kwamba wanakula chungu kimoja, hivyo ushauri wa chakula cha nyanya unamhusu anayepika.

Uganda ilitangulia: Makerere ilianza kufundisha fani hii mwaka 1989. Kenya ilifuata 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na wanafunzi wakapelekwa kujifunzia Webuye, hospitali ya wilaya yenye wagonjwa wa kila aina. Baadaye Kabarak nayo ikaingia, ikitumia hospitali za misheni kama Chogoria.

Je, miaka inaweza kupunguzwa? Chuo cha McMaster nchini Kanada kimefundisha udaktari kwa miaka 3 tangu 1969. Kule Marekani, Texas Tech ilipata kibali mwaka 2010 cha kuwafundisha madaktari wa familia kwa miaka 3 badala ya 4, ingawa wanaoingia huwa tayari wana shahada ya kwanza. Kinachokatwa hasa ni masomo ya hiari ya mwaka wa mwisho na safari za usaili, kwa kuwa mwanafunzi anajua mapema atakapofanyia ubingwa wake. Saa za kukaa na mgonjwa zinabaki, na hapo ndipo nisingekubali mtu atie mkasi.

Kenya nayo iliwahi kujaribu njia fupi. Mwaka 2018 madaktari 50 walitumwa Cuba kusomea tiba ya familia kwa miaka 2. Tangu 1984 Cuba imekuwa ikiweka daktari na muuguzi kuishi mtaani, kati ya familia wanazozihudumia.

Wajua jirani zetu wa Sirari, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na njia yao? Kuanzia 1963, Tanzania iliwachukua matabibu wenye uzoefu, ikawaongezea miaka miwili, wakatoka wakiwa madaktari wasaidizi wanaoweza kumpasua mama aliyekwama kujifungua. Kwetu, afisa wa kliniki husoma miaka mitatu na kufanya uanagenzi mwaka mmoja, na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina kampasi Migori na Homa Bay. Ningekuwa na sauti, ningeanza kwa kuwaongezea masomo hawa: wenyeji, wanaozungumza Kikuria na Dholuo, ambao wagonjwa tayari wanawajua kwa majina.

Na haja ipo. Migori na Homa Bay zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizolemewa zaidi na virusi vya UKIMWI. Walioanza dawa wakiwa vijana sasa wanaingia umri wa presha na kisukari, na wanahitaji mtu mmoja wa kuziangalia dawa zote kwa pamoja.

Na jamii zenyewe ziko tayari kuchangia: kijiji cha Lwala, Migori, kiliuza ng'ombe na kuku ili Milton Ochieng' apate nauli ya ndege kwenda kusoma Marekani. Yeye na nduguye Fred walifungua zahanati kijijini hapo 2007, hata kabla hawajahitimu udaktari.

Je, wajua kuna Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023? Inaunganisha wahudumu wa afya ya jamii, zahanati na hospitali kuwa mtandao mmoja, na daktari wa familia ndiye anayetarajiwa kuiongoza timu ya mtandao huo. Kwa hiyo wananchi wakiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, ulizeni: zimetengwa nafasi ngapi za madaktari wa familia, na ngapi ni za Kuria Magharibi?