Mtoto na Ngoma Katika Nchi ya Wanyiha

Katika Hasamba, upande wa Mbozi mkoani Songwe, nchi ya Wanyiha ambayo barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma inapita kati yake, mtoto huijua ngoma kabla hajajua kusema. Kwani mama huingia uwanjani na mwanawe mgongoni, na mapigo humfikia yule mdogo kwa masikio yake na kwa mwili wa mamaye unaocheza. Mwaka 2009 wataalamu wa Hungaria na Uholanzi walionyesha kwamba kitoto cha siku mbili tatu, hata kikiwa usingizini, ubongo wake hushtuka pigo linapokosekana mahali lilipotazamiwa. Basi yule aliye mgongoni si mzigo tu, ni msikilizaji.

Akisha kusimama kwa miguu yake, hutafuta cha kupiga: debe, dumu tupu, sufuria. Aghalabu hukemewa kwamba anafanya kelele, nami naona kemeo hilo si la insafu, maana mtoto huyo ameanza kazi ya kuipa mikono yake miwili adabu, huu ukienda na ule ukingoja.

Lakini faida iliyo kubwa kupita zote hupatikana anapopiga pamoja na wengine. Katika ngoma zetu nyingi za Afrika Mashariki, ngoma ndogo huenda mapigo matatu katika muda ule ule ambao ile kubwa yenye kuvuma huenda mawili, kisha zikakutana mwanzo na kuachana tena. Hata mtoto aliyepewa yale mawili hana budi kumsikiliza mwenye matatu pasipo kumfuata, na kulishika pigo lake pasipo kumfunika mwenziwe. Sijui somo jingine la umri ule linalomfunza mtoto mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, kusikiliza na kuthubutu, wala hayafunziki kwa maneno. Huko Leipzig, Ujerumani, mwaka huo huo wa 2009, watafiti waliwapa ngoma watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu, wakaona kwamba walilishika pigo vizuri zaidi walipopiga na mtu aliyekaa mbele yao kuliko walipofuata mtambo au sauti itokayo kwenye spika.

Kuna na elimu ya kuiunda ngoma. Kuchimba gogo, kuiwamba ngozi ikiwa mbichi, kuingoja ikauke, kuipasha moto ili sauti ipande: katika hayo mtoto aliyeketi karibu ya mzee hujifunza subira, na hujua kwamba sauti nzuri ina matengenezo yake.

Ngoma hii ilipata kudharauliwa. Katika misheni nyingi ilihesabiwa kuwa mambo ya ushenzi, ijapokuwa leo makanisa yale yale huipiga kwenye kwaya. Na shuleni wakati wa ukoloni watoto walifundishwa nyimbo na dansi za kigeni, jambo ambalo Mwalimu Nyerere alilisikitikia mbele ya Bunge mwezi wa Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Sasa ngoma haikatazwi na mtu, bali harusi nyingi hukodi spika kubwa, na watoto husimama kando wakiwa watazamaji, ilhali mikono yao haina kazi.

Enyi wazazi na walimu wa Hasamba, haihitajiki fedha nyingi. Tafuteni ngoma mbili, ndogo na kubwa, mumwombe mzee mmoja anayejua mapigo ya kwenu aje jioni baada ya masomo, mkawaketishe watoto wawili wakitazamana. Kisha muwaache wapige hata wapatane.