Mwalimu wa Hesabu Aliyezaa Walimu

Vikundi vyetu vinapochanga karo, wengine huuliza: faida itaonekana lini? Swali ni zuri. Hebu tufuate masomo na kazi ya mama mmoja wa Marekani, Evelyn Boyd Granville.

Alizaliwa mwaka 1924 mjini Washington, wakati ambapo watoto weusi walisoma mbali na weupe. Mwaka 1941 alipopata nafasi katika Chuo cha Smith, mama yake na dadake mama walichanga pesa za mwaka wa kwanza. Baadaye alipata msaada wa masomo, na wakati wa likizo alifanya kazi.

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Yale kilimpa udaktari wa hesabu. Udaktari huu si wa kutibu wagonjwa, bali ni shahada ya juu ambayo mtu huipata akifanya utafiti mpya. Alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kuupata katika hesabu.

Kuanzia 1950 hadi 1952 alifundisha Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Miaka miwili tu! Lakini wasichana wawili aliowafundisha huko, Vivienne Malone-Mayes na Etta Falconer, nao walipata udaktari wa hesabu, mmoja 1966, mwingine 1969. Wote wawili wakawa walimu wa vyuo vikuu.

Mwaka 1956 aliingia kampuni ya IBM kuandika programu za kompyuta. Programu ni nini? Ni maagizo ambayo mashine huyafuata. Programu zake zilisaidia kukokotoa njia za vyombo vya angani vinavyozunguka dunia.

Mwaka 1967 alirudi darasani, katika chuo kikuu cha serikali mjini Los Angeles. Huko aliwafundisha pia walimu wa shule za msingi, na mwaka 1975 yeye na mwenzake walitoa kitabu cha hesabu cha walimu. Baadaye alifundisha hesabu na kompyuta huko Texas. Alifariki mwaka 2023.

Basi faida ilionekana lini? Mavuno ya kwanza yalichukua miaka minane, na mengine yalizidi kuja kupitia watu wengine. Kwa hivyo tunapogawa karo, wasichana wetu wanaopenda hesabu tusiwaache nyuma. Na yule tuliyemsomesha tumwombe, akija likizo, awafundishe wadogo zake.