Wanga wa Muhogo katika Mwambao wa Nyasa

Mwenye kushuka kutoka Mbinga, penye mibuni na kilimo cha mashimo ya ngoro cha Wamatengo, akaifuata barabara ya kilomita 66 hata Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, huona kilimo kikigeuka mbele ya macho yake, kwani huko chini mbuni hauna nafasi, na muhogo ndio sultani wa shamba. Wenyeji huumenya, huuroweka, huuanika hata ukawa makopa, kisha huusaga kwa ugali wa kuliwa na dagaa. Wala desturi hiyo si ya kubezwa, maana ndiyo iondoayo sumu ya muhogo mchungu.

Wanga, hata hivyo, ni biashara nyingine. Ndio ile kanji waliyotilia kanzu wazee wetu, na jina lenyewe la wanga pwani lilikuwa la unga wa mmea wa porini uliosafishwa kwa maji vivyo hivyo. Mzizi mbichi hukwanguliwa, ukakorogwa katika maji mengi safi, ukachujwa kwa kitambaa. Machicha hubaki, maji meupe hupita, nayo yakitulizwa saa kadhaa wanga huzama chini, maji yakamwagwa, wanga ukaanikwa. Kilo nne za mizizi hutoa yapata kilo moja, na mara nyingi pungufu.

Taabu kubwa ni wakati. Muhogo ukishang'olewa hauvumilii zaidi ya siku mbili tatu kabla ya kuingia weusi, na kwa sababu hiyo naona ni ghururi kutaraji mizizi mibichi ya Liuli au Lituhi huko mwambaoni ipakiwe lori kwenda kiwanda cha mbali. Mashine ndogo kijijini, karibu na shamba, ndiyo yenye maana. Taabu ya pili ni michirizi ya kahawia, maradhi yaliyoelezwa kwanza na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1936, yanayopenda nchi za chini kama pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa: shina husimama zima, na mzizi umekwisha kuoza ndani. Mbegu ya Kiroba huyastahimili vizuri zaidi.

Wanunuzi wapo, watengenezaji wa biskuti, karatasi, nguo na gundi, ingawa Thailand, inayoongoza duniani kwa kuuza wanga wa muhogo nje, ni mshindani mzito. Mwenye mtaji anayekusudia kuanza, tafadhali aulize habari za maji safi na mbegu kabla ya kuulizia bei ya mashine.